Mchoro Unaokufa Jioni

Jumapili, 1 Juni

Pamba yetu imeisha kuchumwa jana, mgongo bado unauma, na leo nimeanza kuandika humu kwa sababu mama amechoka kunisikiliza. Kasema, "Loveness, hayo ya kompyuta kayaandike mahali, mimi nisonge ugali kwa amani." Haya, Mama Deo, naandika.

Msimu wa ngoma umefika. Kwetu Usukumani ngoma hazishindani kwa zamu. Vikundi viwili, Bagika na Bagalu, vinacheza saa ileile, uwanja uleule, kimoja huku kimoja kule, na watu wako huru kukimbilia wanakotaka. Filimbi ya mwisho inapigwa saa moja jioni. Ikilia, upande wenye watu wengi ndio umeshinda, basi. Hakuna cha alama. Shida ni kuhesabu. Mwaka jana waamuzi walikadiria kwa macho, wakabishana, mtu akarushiwa kigoda.

Mimi nikasema mbona hiyo kazi ndogo. Simu yangu ya zamani inakaa juu ya mlingoti, inapiga picha kila dakika. Programu yangu inahesabu vichwa vya kila upande. Halafu skrini kubwa inaonyesha mistari miwili, mwekundu wa Bagika, kijani wa Bagalu. Mstari ukipanda, unavuta watu. Ukishuka, umewachosha. Kuchora nachorea Plotari, maktaba ya bure ya michoro. Maktaba kwa maana ya msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ulioandikwa na watu wengine wakauacha wazi, yeyote anachukua, anasoma, hata kurekebisha akiweza. Sikufundishwa na mtu. Nimejifunza kwa video na kwa kuharibu.

Mwenyekiti wa kamati ya ngoma, mzee Edson, amekubali tujaribu mara tatu: hapa Kolandoto, halafu Isaka, halafu fainali Songwa.

Ila kompyuta si yangu. Ni ya kaka Deo, mwenye duka la vipuri vya makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Katoro. Kaniambia kwenye simu, "Ikifanya kazi mpaka fainali, chukua, ni yako. Ikigoma fainali naibeba, na wewe unakuja kukaa dukani." Nimekubali haraka mno. Mimi nikae dukani? Nitakufa kwa kukaa.

Jumatano, 4 Juni

Nimewaonyesha kamati. Wamependa. Mzee Edson tu ndiye aliinama akakodolea macho chini ya mchoro.

"Hii 14:00 ni saa ngapi?"

"Saa nane mchana, mzee."

"Sasa si uandike nane. Saa kumi na nne mara ya mwisho niliisikia jeshini, na sikuipenda."

Nikarudi nyumbani, kwenye kila saa nikatoa sita, na ikipita kumi na mbili inarudi moja. Mistari miwili ya msimbo, imekwisha. Nimejisikia fundi.

Alhamisi, 5 Juni

Upepo na vumbi. Kompyuta nimeifunga kwenye kanga ya mama. Mama hajaipenda hiyo.

Jumamosi, 7 Juni

Usiku huu silali kabla sijaandika.

Asubuhi nimesimika mlingoti, nimeweka skrini kwenye ubao wa lori. Nkwabi, manju anayeongoza ngoma ya Bagika, akapita. Huyu anatembea kana kwamba uwanja ameujenga yeye. Nikamwamkia shikamoo, akasema marahaba huku anaangalia skrini.

"Binti, hiyo televisheni inaonyesha na mpira?"

"Inaonyesha watu wanavyokukimbia, baba."

Watu wake wakacheka, yeye hakucheka. Nikamweka kundi la wenye majivuno. Mbuke, manju wa Bagalu, mama mnene mwenye chatu shingoni, yeye kanipa michembe ya viazi na kuniita mayu, yaani mama. Nikamweka kundi la wema.

Saa tisa ngoma zikaanza, na jamani, mchoro wangu ulikuwa mzuri. Watu wa Nkwabi wakiruka na majembe, mwekundu juu. Mbuke akimlaza chatu kifuani na kuimba ametulia, kijani juu. Watoto wanakimbia huku na huku, akina mama wanavuta kanga wasiachwe, na mistari inafuata kama mbwa anavyofuata mchungaji. Watu wakaanza kuisoma. Nikamsikia bibi mmoja anasema, "Nkwabi anashuka, twende tukamwongezee."

Jua likazama. Jenereta ikawashwa kwa ajili ya taa. Bagika na Bagalu wamebanana, mwekundu na kijani karibu igusane, mzee Edson ana filimbi mdomoni. Na hapohapo, filimbi inalia, dirisha la mchoro likajifunga. Pwaa. Skrini nyeusi, na chini maneno mawili ya Kiingereza yanayomaanisha programu imeingiza mkono kwenye mfuko usio wake, ikafukuzwa.

Uwanja mzima ukaguna. Nilipoiwasha tena ikafanya kazi vizuri kabisa, tena kwa adabu, lakini watu walishatawanyika. Waamuzi wakakadiria kwa macho. Bagalu. Nkwabi akanijia jasho linamtiririka. "Chatu wa Mbuke kaimeza televisheni yako," akasema, akaondoka.

Jumapili, 8 Juni

Sikwenda kanisani. Mama kasema kompyuta itaniombea.

Jumanne, 10 Juni

Nimezirudisha picha zote za Kolandoto kwenye programu tangu mwanzo, asubuhi, mara nyingi mpaka nimechoka kuwaona watu walewale. Haifi. Nimeongeza vichwa vya uongo, maelfu. Haifi. Nimepuliza vumbi kwenye kompyuta kwa pampu ya baiskeli. Haifi wala haishukuru.

Nadhani ni jenereta. Ilipowashwa tu, ikafa. Ila kama ni umeme, mbona ilizima mchoro tu na si kompyuta nzima?

Nimewaandikia wenye Plotari, kwenye ukurasa wao wa malalamiko. Msimamizi anaitwa Otmar. Nikajua huyu ni Mkatoliki wa Ushirombo, maana kule wanabatizwa majina ya mapadri wa kizungu, nikaanza kwa shikamoo, nikaeleza kwa Kiingereza changu cha video.

Alhamisi, 12 Juni

Otmar kajibu. Hayuko Ushirombo. Yuko nchi ya theluji, ana ndevu, na Plotari anaishughulikia mwisho wa wiki akishalisha nyuki wake. Kauliza: "Tafadhali taja mfumo wa kompyuta yako na toleo lake. Sijawahi kusikia mfumo unaoitwa Shikamoo."

Nimecheka mpaka mama akaja kunigusa paji la uso.

Jumanne, 17 Juni

Tumepeleka pamba kwenye mzani. Siku nzima juani. Nimewaza jenereta.

Jumapili, 22 Juni

Deo kapiga. "Vipi ngoma yako?" Nikamwambia inaendelea. "Nasikia ilizima." Nani kamwambia? Mama anaangalia dari.

Jumamosi, 28 Juni

Isaka.

Safari hii sikutaka jenereta hata karibu. Nimeomba betri kwa dereva wa lori aliyekuwa anasubiri mzigo bandari kavu. Kasema chukua, ila niwe naye upande wa Bagalu. Nikamwambia mimi sina upande. "Kila mtu ana upande," akasema, akaniazima hivyohivyo.

Isaka watu wengi, madereva wanapiga honi kila Nkwabi akiruka. Mwekundu alikuwa juu kabisa, Mbuke yuko chini anajipepea, hana haraka. Jua lilipoanza kuwa jekundu akafungua kikapu cha pili. Chatu wa pili. Watu wakahama kama maji ya bonde, madereva pamoja na honi zao, na kijani kikapanda mpaka nikasimama juu ya kiti. Nikasema leo wataona. Mzee Edson akaweka filimbi mdomoni.

Ikafa.

Sasa vurugu. Bagika wanapiga kelele Mbuke kaiwekea dawa. Bagalu wanasema Nkwabi ndiye, maana alikuwa anashindwa, nani mwingine afaidike. Manju wote wana dawa zao za kuvuta watu, hilo kila mtu analijua na hakuna anayelificha, lakini dawa ya kuua kompyuta ni jambo jipya, na nikaona wengine wanaanza kuniheshimu. Mbuke akanijia taratibu, nikadhani anakuja kunipa pole.

"Mayu, kama Nkwabi anakulipa uizime, niambie tu."

Mbuke! Yule niliyemweka kundi la wema.

Mzee Edson alisubiri watu wapungue. Hakufoka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. "Loveness, Songwa ikifa tena, tunarudi kwenye macho yetu. Macho yana ubishi, lakini hayazimi."

Jumapili, 29 Juni

Deo kanitumia picha ya kiti cha plastiki nyuma ya kaunta. Chini kaandika: "Nimekifuta vumbi."

Jumatano, 2 Julai

Otmar ameifunga taarifa yangu. "Nimejaribu kwa siku nne, kwangu halitokei. Ukipata njia ya kulirudisha kosa, fungua tena." Kaandika vizuri, na salamu. Lakini kufungiwa ni kufungiwa.

Nimelia kidogo, halafu nimekula mihogo.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekuwa nikisoma msimbo wa Plotari wenyewe, ule wa ndani ulioandikwa kwa lugha ya C. Ni sawa na kufungua injini ya trekta wakati umezoea baiskeli. Sielewi kitu, ila naanza kutambua vyuma.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Nkwabi kaja nyumbani. Kaja kweli, na shati la kupiga pasi, kaamkiana na mama vizuri, "Mwadila, mayu," kakaa, kapewa maziwa mgando. Nikajua kaja kunigombeza.

Kumbe kachoka kuitwa mchawi wa kompyuta. "Mimi dawa yangu ni ya kuita watu," kasema. "Ya kufukuza vitu sina. Nikiwa nayo ningefukuza panya kwanza. Huyu Mbuke ndiye."

"Baba, dawa haiui programu."

"Wewe umejuaje? Umeipima?"

Nikamwongezea maziwa. Maana sikuipima.

"Basi ipime," kasema. "Mbuke yuko Kishapu kwa dada yake, mimi nitakuwa mnadani. Iwashe hapa nyumbani, peke yako, bila manju hata mmoja, kutwa nzima. Isipokufa, ni dawa, na unaniletea kuku. Ikifa, si dawa, nakuletea mimi."

Nimekaa nikiwaza huyu mtu. Mwezi mzima nimepima picha, nimepima umeme, nimepima vumbi, na kila kipimo cha nyumbani nimekifanya asubuhi kwa data za zamani. Sijawahi kuiacha tu itembee siku nzima yenyewe kama inavyotembea uwanjani. Sikumwambia hivyo. Nikasema, "Kuku jogoo au mtetea?"

Jumanne, 8 Julai

Haya. Leo pole pole, niandike yote.

Nimefunga simu kwenye mti wa uani, nikaielekeza chini. Nimegawa uwanja: upande wa zizi ni Bagika, yaani mbuzi, upande wa jiko ni Bagalu, yaani kuku. Nikawasha tangu asubuhi. Mama kila akipita na ndoo anauliza, "Nani anaongoza?" Kuku. Mchana: "Bado kuku?" Mbuzi wamerudi kutoka malishoni, wanapanda. Mama akawamwagia kuku mtama. Nikamwambia huo ni wizi wa ushindi. "Mimi ni Mgalu," kasema. Miaka yote hii sikujua.

Jioni ikaingia. Hakuna jenereta, hakuna Nkwabi, hakuna chatu. Mchoro unatembea. Mama akaniita kula. Nikaenda, nikamega tonge la kwanza, nikageuka kuangalia.

Skrini nyeusi.

Sijawahi kufurahia kitu kufa namna hii. Nimeruka, nimezunguka zizi, mbuzi wakatawanyika, Bagika wakashuka mpaka sifuri. Mama kasimama mlangoni na sahani. "Sasa unashangilia nini, si imekufa?"

"Imekufa yenyewe, mama. Imekufa bila mtu."

Kwa hiyo si watu, si umeme, si dawa. Mara zote tatu kinachofanana ni jioni tu. Na jioni kuna nini? Nikafungua namba za mwisho zilizoingia kwenye mchoro kabla haujajifunga. Hizi hapa, nazinakili: 12.95. 12.97. 12.98. Halafu 1.00.

Nimeziangalia mpaka ugali ukapoa.

Saa imerudi nyuma. Baada ya kumi na mbili huwa inakuja moja, ndivyo tunavyohesabu, sijawahi hata siku moja kuona ni ajabu. Ila mchoro hausikii "saa moja jioni". Mchoro unaona muda umetembea vizuri tangu ulipowashwa, halafu ghafla umeruka kurudi nyuma kuliko ulikoanzia. Ile mistari miwili ya msimbo niliyoandika kwa ajili ya mzee Edson. Fundi mimi. Na nilipokuwa narudisha picha za Kolandoto, programu ilikuwa inazipa saa ya wakati ule ninaojaribu, na nilijaribu asubuhi, saa tatu, saa nne, inapanda tu. Na Otmar kule kwenye theluji saa zake hazirudi moja namna hii. Tungejaribu mpaka mwaka kesho.

Jumatano, 9 Julai

Nkwabi kaleta kuku. Jogoo mwekundu, kamshika miguu mwenyewe kutoka mnadani. Nikamweleza kosa lilikuwa langu, la saa. Kafikiri. "Kwa hiyo Mbuke si mchawi." Si mchawi. "Hilo usimwambie," kasema, "atazidi kujiona." Nimemtoa kundi la wenye majivuno. Hapana, nimemwacha humohumo, ila nimemwongeza na kundi jingine.

Kwangu nimeshatengeneza: saa za kweli zinabaki ndani ya data, ya Kiswahili naandika kwenye lebo ya chini tu. Leo imepita saa moja jioni bila kutikisika.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini kuna kitu kinanikereketa. Sawa, mimi nimekosea. Mbona yenyewe ikafa? Kwa nini haikusema?

Jumapili, 13 Julai

Nimeipata ndani kabisa ya C. Kabla ya kuchora, Plotari inahesabu nukta ngapi ziko kati ya mwanzo na mwisho: nafasi ya mwisho toa nafasi ya mwanzo. Muda ukirudi nyuma jibu linakuwa hasi. Na pale walipoandika, namba hasi haina pa kukaa, inageuka kuwa namba kubwa ya kutisha. Basi inachukulia ina nukta nyingi kuliko punje za mtama za mkoa mzima, inakwenda kuzichota mahali ambapo si pake, kompyuta inaitimua.

Nimeandika programu ndogo inayoiua papo hapo, saa yoyote, hata asubuhi. Nimemtumia Otmar.

Jumatatu, 14 Julai

Otmar: "Sasa na mimi imekufa. Asante sana. Lakini muda lazima upande, imeandikwa kwenye maelezo. Hili ni kosa la mtumiaji."

Nimejibu hivi, na mkalimani wa kwenye simu kanisaidia: "Nakubali nimekosea njia. Lakini kwetu mtu akikosea njia anaambiwa umepotea. Hasukumwi kisimani."

Jumanne, 15 Julai

Kimya.

Jumatano, 16 Julai

"Una haki," kaandika Otmar. "Lete marekebisho."

Alete nani? Mimi?

Jumapili, 20 Julai

Kila ukipeleka marekebisho, kompyuta zao zinayajaribu zenyewe. Ukipita ni alama ya kijani, ukifeli ni nyekundu. Mara ya kwanza nyekundu. Mara ya pili nyekundu zaidi, nimeharibu hata vitu ambavyo sikuvigusa. Mama kachungulia. "Bagika wanakupiga," kasema.

Alhamisi, 24 Julai

Kosa langu nimeliona. Nilikataza muda usirudi nyuma, na nikakataza pia nukta mbili zisiwe na muda mmoja. Kumbe wapo watu wanaofanya hivyo kwa sababu zao, na michoro yao ni mizima. Usimfukuze mgeni kwa sababu kaja na mwenzie. Nimelegeza hapo.

Kijani. Kijani chote, kuanzia juu mpaka chini.

Otmar kaomba nieleze kwenye jaribio mfano wenyewe unatoka wapi. Nikaeleza saa zetu. Kauliza, kwa adabu tu, kwa nini watu waanze kuhesabu saa jua linapochomoza. Nikamuuliza kwa nini wao wanaanza wakati wamelala. Kajibu kwamba ameuliza mkewe, na mkewe yuko upande wangu. Kapitisha marekebisho. Jina langu liko humo sasa: Loveness wa Kolandoto.

Nimempigia Deo kumwambia. "Wanakulipa?" Hapana. "Sasa jina linaliwa na nini?"

Jumatano, 30 Julai

Kila jioni saa moja naikalia programu. Inapita. Sina imani nayo hata hivyo.

Jumamosi, 2 Agosti

Songwa. Fainali.

Watu sijawahi kuona. Wafanyakazi wa mgodi wa almasi na familia zao, Kishapu yote, baiskeli zimelazwa kama ng'ombe. Deo kaja kutoka Katoro na begi tupu la kompyuta mgongoni. Hakuficha. "Nimekuja nalo tu," kasema, "likitumika litumike."

Ngoma zikaanza, na mistari ikatembea vizuri. Nkwabi kapanda mabega ya watu watatu. Mbuke kaimba wimbo wa kumsema Nkwabi kwamba hata kompyuta ilimkimbia kwa harufu. Mwekundu juu, kijani juu, mwekundu juu. Nikaanza kufurahia mwenyewe.

Halafu jua likagusa miti, nikaona kitu ambacho sikukielewa. Mwekundu unashuka. Sawa, Mbuke anavuta. Lakini kijani nacho kinashuka. Yote miwili, pamoja, taratibu, kama vile watu wanakwenda nyumbani. Nikadhani kamera imepinda. Nikashika mlingoti, umesimama. Nikajua ndiyo hii sasa, imepata njia mpya ya kufa.

"Loveness," Deo kaniambia sikioni, "geuka."

Nikageuka. Watu. Mamia ya watu nyuma yangu, wamebanana mbele ya lori, watoto mabegani, wote wanaangalia skrini. Habari ilishafika Songwa kwamba ipo kompyuta inayokata roho kila filimbi ikilia, na wamekuja kuiona inavyokufa. Kamera haiwaoni, maana hawako kwa Bagika wala kwa Bagalu. Mzee mmoja mbele kabisa anamweleza mwenzie, "Subiri, sasa hivi, ikifika pale inajinyonga."

Nkwabi akaona. Akawasha mwenge, akameza moto, akatema. Watu kama watano wakageuka wakarudi kuangalia skrini. Mbuke akatoa chatu wote, akawatandaza chini. Hakuna. Mistari inateremka, na jinsi inavyoteremka ndivyo watu wanavyosema uuuu na wengine wanakuja kuona uuuu ya nini.

Mzee Edson akaweka filimbi. Nimefumba macho, sikatai. Filimbi ikalia.

Nilipofumbua, mchoro ulikuwa hai. Chini pameandikwa saa moja jioni, mistari miwili imelala chini kama mbwa wamechoka, hai. Na watu, naapa, walisikitika. Yule mzee wa mbele kasema, "Aa, imepona," akaanza kutafuta baiskeli yake.

Manju wote wawili wakaja mezani, jasho na vumbi, kwa mara ya kwanza bega kwa bega.

"Nani kashinda?" Nkwabi kauliza.

"Bagalu wamezidi kwa wanne," nikasema. "Lakini wanne hao ni ndugu zake Mbuke."

Mbuke akatazama uwanja mtupu, akatazama umati nyuma yangu, akaanza kucheka mpaka chatu akasogea. "Sheria ni watu," kasema. "Watu wako wapi?"

Mzee Edson ni mtu wa sheria. Kaenda kwenye mti, kafungua kamba ya beberu wa mshindi, kaniletea mkononi. Halafu palepale, kamati na manju wote wakakubaliana kwa kauli moja, jambo ambalo haliko kwenye kumbukumbu ya mtu: mashine isikanyage ngoma tena.

Jumapili, 3 Agosti

Tumebishana na Deo kutwa, huku beberu anakula kanga ya mama.

"Haikugoma," nasema mimi.

"Haikugoma. Lakini tulisema ni ya kazi ya ngoma. Ngoma wameifukuza. Sasa utaifanyia nini?"

Nikamvuta beberu mbali na kanga. Nikimwambia Plotari, atauliza wanalipa. Nikimwambia najifunza, atasema mpaka lini. Deo si mbaya. Ana duka, anataka mtu wa kuandika vipuri, anadhani ananiokoa. Nimemuona anaipangusa kompyuta kwa shati lake kabla ya kuiweka kwenye begi.

"Kiti nimekinunulia mto," kasema. Alikuwa anamaanisha wema. Ndiyo maana nimeshindwa kukasirika.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemsindikiza stendi ya Shinyanga. Mimi namfuata Katoro wiki ijayo, nikimaliza kumsaidia mama kuvuna maharage. Begi liko begani kwake. Tumekaa kwenye benchi, basi la Geita linapakia.

Simu ikalia ujumbe. Mtu kaandika chini ya marekebisho yangu kwenye Plotari. Nikausoma kwa sauti kwa Kiswahili, kwa kuwa Deo aliuliza ni nani:

"Naandika kutoka Addis Ababa. Nachora kiwango cha oksijeni kwenye mitungi ya wodi ya watoto. Sisi pia tunahesabu saa kuanzia asubuhi, na kila siku saa moja mchoro wangu unakufa. Mwaka mzima nimedhani ni mimi sijui. Toleo lenye marekebisho haya linatoka lini? Na kwa sasa nifanye nini?"

Deo akaisogelea simu. Halafu akasema, "Addis Ababa ni Ethiopia?"

"Ndiyo."

"Na wao saa yao ni kama yetu?"

"Inaonekana."

"Mjibu basi."

"Kwa simu siwezi, inabidi nimwandikie msimbo."

Akavua begi, akaitoa, akaniwekea mapajani. "Andika. Gari bado linapakia."

Nikaandika. Nilimweleza aache saa za kweli ndani, abadilishe lebo tu, nikamwandikia mistari yenyewe, nikaijaribu kwanza kwa saa zake, ikapita, nikamwambia kosa halikuwa lake peke yake. Kondakta alikuwa anaita Geita, Geita, Katoro, mtu akanikanyaga, mtu akaomba radhi. Nikabonyeza kutuma.

Nilipoinua kichwa basi lilikuwa linakunja kona ya barabara kuu. Deo yuko dirishani, anaangalia mbele. Begi tupu liko kwenye benchi pembeni yangu.

Nikasimama, nikapunga, nikapiga simu, hakupokea. Nikafikiri amesahau, nitafute pikipiki nimkimbize. Ndipo ujumbe wake ukaingia:

"Chaja nimeiacha tangu asubuhi juu ya kabati la mama."